Haipiti Wiki

Al-Suwaidi, Riyadh
Ijumaa, maduka yakiwa yamefungwa kwa sala

Dada Kadzo,

Mimi ni mzima. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ukiona bahasha badala ya ujumbe wa simu utafikiri nimefungwa au nimegongwa. Sijafungwa, sijagongwa, na ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, bado ina miezi. Ninyi je, hamjambo huko Malindi? Neema na mdogo wake wanaendeleaje na shule? Na magoti ya Mama, ile dawa ya kuchua niliyomtumia ilimfikia mwenyewe au iliishia kwa majirani? Nauliza nikicheka lakini nataka jibu.

Barua hii utaletewa na Mwanaidi, yule mtu wa Takaungu anayefanya kazi nyumba ya pili kutoka kwetu kule Al-Hamra, Jeddah. Mkataba wake umekwisha na amesema Uarabuni kwake ni halas, basi tena. Nikirudi Jeddah keshokutwa nitampa mkononi, na nimekwisha kumwambia kwa simu kwamba asimpe mtoto wala jirani, akupe wewe.

Dada, mara tatu nimekupigia simu mwaka huu nikiwa na neno, na mara tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Neno lenyewe ni la Baba. Kuna maneno yako aliyoniachia katika zile siku nne za mwisho, na huu ni mwaka wa tisa ninayo mimi. Sikukupa. Ukishajua kwa nini sikukupa, huenda usitake tena kuniita ndugu yako, na hofu hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo muda wote huu. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu nikikusikia unalia nitabadilisha maneno katikati. Najijua.

Lakini niache nianze mbali kidogo. Wewe mwenyewe hunitania kwamba siwezi kwenda dukani bila kupitia msikitini, na mimi si Mwislamu.

Mwaka huu wanawake wa huku wameruhusiwa kuendesha gari. Madam wangu alikuwa na leseni mapema kuliko wenzake, na tangu hapo mimi dereva wake huketi kiti cha abiria nikishika mkanda kwa mikono miwili huku yeye akikata kona. Kafili wangu, yaani mdhamini wangu huku, ni mumewe, lakini mwenye kunituma ni yeye, na kila asubuhi nilikuwa nangoja aniite jina na kuniambia, "Safari, mafi kazi, rudi kwenu," yaani hakuna kazi tena. Hakusema. Madam ana ukumbi wa picha hapo chini ya nyumba yake, watu huja kutazama picha na kusikiliza wasomi wakizungumza, na mimi ndiye nabeba viti na kuchukua wageni uwanja wa ndege. Nikajifanya mtu wa kila kitu ili asinione mzigo.

Basi akapata wageni wawili. Mmoja ni mzee wa Kiitaliano, Mzee Tullio, anayechonga picha kwenye mbao kisha anazipiga chapa kwenye karatasi. Mwingine ni Bi Zuzana, mshairi wa Slovakia. Wameandika kitabu pamoja, mashairi ya yule mama na picha za yule mzee, na hapo ndipo pa kushangaza: mzee hajui Kislovakia, mama hajui Kiitaliano. Miaka yote wamefanya kazi kupitia mkalimani mmoja. Mkalimani huyo akaanguka ngazini akavunjika mguu, na safari imebaki wiki mbili. Madam alichanganyikiwa. Msichana wa ofisini kwake akawa anatafuta kwenye mtandao mchana kutwa wakalimani wa kujitegemea, wa Kiitaliano kwenda Kislovakia, wanaojua mambo ya sanaa na vitabu. Wapo, lakini si wengi, na madam hakuwa na namna ya kujua nani anajua kweli na nani anabahatisha.

Nikamwambia, "Madam, mimi Kiitaliano ninakisikia."

Alinigeukia akiwa kwenye usukani. "Wewe? Umekitoa wapi?"

Nilimweleza kwamba kwetu Malindi hata muuza madafu anakijua, na mimi nimekaa jikoni kwa mpishi wa Bergamo miaka minne, nikipaa samaki na kutukanwa. Alicheka mpaka akasimamisha gari. Kuanzia siku hiyo, dada, ndugu yako akawa msaili wa wakalimani wa Ulaya. Nilikuwa naegesha gari chini ya kivuli huko Al-Baghdadiyah, madam ananipa simu, nasema bonjorno, naanza. Wa kwanza alisema yeye ni mtu wa mashine za viwanda na mahakama, mashairi hayawezi. Wa pili aliuliza kama mashairi yana vina, akaambiwa hayana, akasema hayo ndiyo yenye taabu zaidi, akakata simu. Wa tatu alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kwa upole nilijifunza wapi lugha hii, maana kila nikimwita bwana naongeza neno mbele ambalo kwao huambiwa nguruwe. Yule mpishi alinifundisha hivyo na mimi nikadhani ni heshima.

Madam alikuwa na swali lake moja la kuwapima wote. Niwaulize, ukikutana na neno ambalo lugha ya pili haina, unafanyaje? Wengi walisema wanatafuta la karibu, au wanalipamba kidogo lipendeze. Wa mwisho alikuwa Ivana, mwanamke wa Slovakia, na huyo hata hakuwa Ulaya, alikuwa hapa hapa Riyadh, muuguzi. Kabla ya kuja huku alimtunza bibi mmoja kipofu kule Italia miaka minane, na kila alasiri alimsomea vitabu, riwaya na mashairi, bibi akimsahihisha. Nikamuuliza swali la madam. Akasema, "Nikikosa neno nasema nimekosa. Namwomba mwenye neno anieleze tena." Nilimrudishia madam simu nikamwambia, huyu ndiye. Nilijisikia mtu mkubwa siku hiyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Mwanaidi sijamwambia. Gari la madam lina ile sauti ya kuonyesha njia. Kila tukifika mahali, mwanamke wa ndani ya kioo anasema kwa Kiarabu kwamba umefika. Na kila akisema hivyo, nyuma yangu, kwenye kiti cha kulia, namsikia Baba akiuliza, "Kadzo amefika?" Si ndoto, na sinywi. Ni mchana, jua linawaka, na sauti ni ile ile aliyokuwa nayo mwisho, kavu, ya mtu anayetafuta mate. Nageuka. Kiti hakina mtu. Madam hudhani nakagua kama mlango umefungwa. Niliizima ile sauti ya njia wiki nzima, nikapotea kwenye vichochoro vya Al-Baghdadiyah mara mbili mpaka madam akaiwasha mwenyewe. Nikazoea kutogeuka. Lakini kusikia, nilisikia kila siku.

Wageni wakaja. Jeddah mambo yalikwenda vizuri, watu walijaa, Ivana alisimama katikati ya wale wawili na hakukwama. Baada ya hapo ilikuwa waonyeshe kitabu Riyadh. Ilikuwa waende kwa ndege, lakini Mzee Tullio akasema anataka kuliona jangwa kwa macho yake kabla hajarudi kwao, na madam kwa kuwa ni mtu wa wageni akasema yalla, tutakwenda kwa gari. Mimi nikaendesha, madam mbele pamoja nami, na nyuma mzee, Ivana katikati, na Bi Zuzana upande wa dirisha. Mpango ulikuwa rahisi. Mzee akisema kwa Kiitaliano, Ivana anampa Bi Zuzana kwa Kislovakia. Madam hajui hata moja kati ya hizo, kwa hiyo mimi nilikuwa nampa kwa Kiingereza na Kiarabu changu cha kuokoteza yale ninayoyasikia kwa mzee.

Tulipopita Taif, barabara imenyooka, mzee akageukia dirisha. Halafu akaanza kusema polepole, akitazama nje. Alisema, Zuzana, hiki ndicho kitabu chetu cha mwisho, nimekuficha, kuna kitu kwenye kongosho langu na wamekiona wakiwa wamechelewa. Halafu akasema kwa Kiitaliano, "Non passo l'inverno." Yaani, sipiti majira ya baridi.

Lile neno, kupita, nililijua. Nilikwisha kulisikia mara moja na sikutaka kulisikia tena.

Madam aliona kimya kimebadilika. Akaniuliza, "Safari, amesema nini?"

Nikasema, "Anazungumza habari za baridi ya kwao, madam."

Dada, sikupanga. Lilitoka lenyewe, na wala halikuwa uwongo kamili, kwa sababu baridi aliitaja. Ndivyo nilivyo. Sidanganyi mpaka mwisho, nachukua kipande cha kweli nakiweka mbele ya watu, mengine nayameza.

Nyuma yangu Ivana alikuwa anasema kwa Kislovakia. Lugha ile siijui hata neno moja, lakini nilisikia kwamba hakupunguza. Alisema kwa urefu ule ule wa mzee, akasimama alipokuwa amesimama mzee. Bi Zuzana hakulia. Aliomba gari lisimame.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta, kina msikiti mdogo na duka la chai. Wale wawili wakashuka wakaenda kwenye changarawe, Ivana akiwafuata nyuma. Baada ya kitambo Bi Zuzana alimwonyesha kwa mkono kwamba abaki, na wao wakasogea mbele peke yao, watu wasio na lugha hata moja ya pamoja. Walisimama wameshikana mikono wakitazama upande ambao hakuna kitu. Madam alikuwa ameingia kusali. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, Ivana akaja kwangu.

"Umemwambia nini madam wako?" akaniuliza kwa Kiitaliano. "Nilisikia Kiingereza chako. Umesema baridi."

Nikamwambia nilitaka kumpunguzia.

"Kumpunguzia nani?"

Madam si ndugu wa yule mzee, habari ile isingemuumiza kiasi hicho. Niliyempunguzia alikuwa mimi, nisiyeweza kuyabeba yale maneno kinywani. Ivana hakuwa na hasira. Alinieleza tu kazi yake. Alisema, "Mimi huwa sisemi, yeye anasema anakufa. Nasema, ninakufa. Mimi. Nikisema yeye anasema, nimepata mahali pa kujificha." Akasema siku za kwanza ilimtisha, alikuwa akirudi chumbani na huzuni za watu ambazo si zake. Halafu akaondoka kwenda kunawa uso.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye kijukwaa cha saruji cha lile duka, na Malindi yote ikanijia.

Unakumbuka yule daktari mzee wa Kiitaliano aliyekuwa akija kuwaona wagonjwa bure kwenye zahanati ya misheni. Kiswahili chake kilikuwa cha pole na asante. Ile Jumatatu alimpima Baba, akatoka, akanivuta pembeni kwa sababu mimi ndiye niliyemwelewa. Akaniambia, "Non passa la settimana." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, dada. Mama alikuwa amesimama pale kwenye benchi na leso yake kichwani, anangoja. Nikamwambia neno kwa neno, kama lilivyo. Nikasema, "Daktari anasema haipiti wiki."

Na Mama uso wake ukafunguka. Akasema, "Haipiti wiki atakuwa ameinuka?"

Nikasema, "Ehe."

Hilo ndilo kosa langu. Kwa miaka yote nimejitetea kwamba maneno niliyafasiri sawasawa, na ni kweli, niliyafasiri sawasawa, mkalimani yeyote atakuambia. Nimejiambia pia kwamba Kiitaliano changu kilikuwa cha jikoni, huenda sikuelewa, huenda nilidhani ugonjwa ndio unaopita. Si kweli. Nilielewa kabla yule mzee hajafunga mdomo, kwa sababu alikuwa amenishika bega. Uwongo wangu wote una herufi tatu. Nilimwona Mama anafurahi na sikuweza kuiondoa ile furaha.

Jioni ile ile ukapiga simu kutoka Nairobi. Ulisema, "Safari, Mama ananiambia Baba ana nafuu. Bosi amesema nimalize wiki ndipo nisafiri. Nije sasa hivi au nije Jumamosi?" Nikakuambia Jumamosi. Ukaniuliza tena, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Alhamisi asubuhi Baba akafariki.

Nisamehe. Nimeandika neno hili nikalitazama, naona ni dogo, lakini sina jingine.

Kule barabarani waliporudi garini, dada, wale wazee wawili hawakunyamaza tena. Kutoka pale mpaka Riyadh, saa sita nzima, walizungumza. Nilisikia vizuri upande mmoja tu, wa mzee, maana ya Bi Zuzana Ivana alimfasiria sikioni, lakini ulinitosha. Alimwomba radhi kwa picha moja aliyoibadilisha bila kumuuliza. Aligombana naye juu ya mstari fulani, wakacheka hadi Ivana mwenyewe akashindwa kufasiri. Alimwambia mambo ya marehemu mkewe. Ivana sauti ilimkauka akawa anafasiri kwa kunong'ona, wakampa maji, akaendelea. Nilikuwa nikiendesha huku machozi yananitoka na nikijifanya ni jua. Niliona kwa macho yangu kitu nilichokunyang'anya. Siku nne, Kadzo. Nairobi mpaka Malindi ni usiku mmoja tu wa basi. Ungemkuta, na mngekuwa na siku mbili nzima za kugombana na kupatana.

Kabla hatujaingia Riyadh nilimwambia madam ukweli, kwamba mzee hakuzungumza habari za hali ya hewa, anakufa, na mimi nilimficha. Nilidhani atanifukuza papo hapo. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Safari, mara ngapi umenifanyia hivi?" Nikamwambia sina hesabu. Hajaniambia halas, na hajaniambia nibaki. Tangu juzi ananituma kwa maneno mawili mawili. Akinirudisha nyumbani nitarudi, nami sitamlaumu.

Nimefikia kwa madereva wenzangu hapa Al-Suwaidi, wamepika ugali na wameniita mara mbili, nimewaambia nina barua. Sasa nakupa maneno yako.

Baba alijua. Jumanne aliniita, akamtuma Mama nje akalete maji, akaniambia, "Umemficha mama yako. Yule daktari alivyonitazama, sikuhitaji mkalimani." Sikukataa. Akasema basi kaa hapa nikupe neno la dada yako, maana naona hatutaonana. Nikamwambia utafika Jumamosi. Akasema, "Jumamosi ni yenu." Akanipa hilo neno, akanifanya nilirudie mbele yake mpaka nikalishika. Nami nikaenda kulizika naye, kwa sababu ningekupa, ungeuliza alijuaje kwamba hamtaonana, na ungejua kwamba mimi pia nilijua.

Miaka yote hii nimekusikia ukisema Baba alikwenda na kinyongo chako kwa ajili ya ile ndoa. Umesema siku ya matanga, umesema kila Krismasi. Mpaka leo mlango wa mbele wa nyumba ile huupiti, unazunguka uani kama mtu wa kuleta kuni, na mimi nakutazama nimenyamaza. Najua kwamba kuna mambo mengine ningeweza kujisamehe, hilo siwezi.

Sitaandika Baba alisema. Naandika kama Ivana.

Kadzo, ile Krismasi ulipokuja na mumeo ukapiga hodi, sikuwa nimelala. Mama yako alikuambia nimelala kwa sababu nilimwambia aseme hivyo. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimesimama, mkono wangu uko kwenye komeo. Ulipiga hodi mara tatu. Ile ya tatu sauti yako ilikuwa imechoka na nikajua una mimba, kabla hajaniambia mtu. Hasira zilikuwa zimekwisha zamani. Nilishindwa kufungua kwa sababu nilikwisha kusema mbele za watu kwamba sifungui, basi, hakuna sababu nyingine. Nilikuchungulia ukienda mpaka ukakata kona. Tangu siku hiyo nikisikia hodi naamka mimi mwenyewe, simtumi mtu. Mwenye kosa ni mimi. Huyo mtoto nimempokea, mwambie ana babu. Wewe usikae na neno langu moyoni, nimelirudisha.

Ni hayo, sikuongeza wala sikupunguza. Jumatano hakusema tena sana. Aliuliza tu kama umefika, kila mlango ulipolia, na kila mara nilimwambia uko njiani.

Nisalimie shemeji, mwambie bado nina deni la kumwomba radhi, kwa sababu naye alisimama nje ya ule mlango. Nisalimie mjomba mwenye shamba, na Mama Kahindi jirani aliyekuwa akimgeuza Baba kitandani wakati sisi wengine tunaogopa kumgusa. Neema mpe salamu za mjomba wake, na zile nyingine za babu yake mpe wewe mwenyewe, ni zake tangu hajazaliwa.

Mama usimsomee barua hii ukiwa umesimama. Kaa naye. Najua barua zangu zote humsomea wewe, na najua huwa unaruka mahali ninapolalamika ili asiumie. Hii usiruke. Atakuuliza kama siku ile pale kwenye benchi nilikuwa najua. Mwambie nilijua.

Ni mimi, mdogo wako,
Safari